Vitabu vya Kupigia Picha

Watu waliomjua dada yangu kwa siku ile ya getini tu hudhani ni mwanamke wa shari. Wanakosea sana. Mimi nimelala naye kitanda kimoja utoto wetu wote, nami nawaambia ni mpole mpaka anakera. Mtu akimkanyaga kwenye foleni, yeye ndiye anayesema samahani. Basi kabla sijasimulia alivyowaka, nataka mjue alikuwa nani kabla hajawaka.

Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, tangu siku alipoanza kazi. Walimu wenzake hulikimbia darasa hilo kama watu wakimbiavyo nyuki. Watoto hawajui kufunga viatu, wakipoteza kifutio wanalia kama wamefiwa, na mmoja akiomba kwenda chooni wote wanabanwa. Dada alilipenda. Watoto walimwita Mwalimu Tena, kwa sababu ya neno lake. Mtoto akisoma akakosea, hakuambiwa amekosea, aliambiwa, "Tena." Akipatia, aliambiwa vilevile, "Tena," ila kwa tabasamu. Jina likatoka darasani likashika mtaa mzima, hata wauza duka wakawa wanamwita hivyo.

Kila Ijumaa, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, alisimama ubaoni akauliza, "Haya, wiki hii tuwaambie nini nyumbani?" Watoto wakabwata wote kwa pamoja, naye akachambua pumba na mchele, akaandika ukurasa mmoja kwa mwandiko wake wa duara, akaubandika kwenye ubao wa matangazo getini. Ndizo zilikuwa habari za darasa. Mimi ni fundi cherehani, na kibaraza changu kinatazamana na geti hilo, kwa hiyo nilizisoma kama mzazi yeyote. Nakumbuka moja ilisema hivi:

"Wazazi wapendwa, wiki hii tumejifunza ma, me, mi, mo, mu. Me na mi bado zinatuchanganya. Nyumbani mwambieni mtoto awatafutie vitu vinavyoanza na silabi hizo, na msimcheke akiwaletea sufuria. Katika hesabu tumejumlisha kwa vifuniko vya chupa. Mwenzetu mmoja ameng'oka jino na anaomba mjue kwamba hakulia."

Mngeona wazazi walivyokuwa wakisongamana pale! Bibi mmoja asiyejua kusoma alikuwa akimshika mkono yeyote aliye karibu, "Nisomee mwanangu, mjukuu wangu kakwama wapi?" Hiyo ndiyo ilikuwa shabaha ya dada. "Mzazi asipojua mtoto amekwama wapi," alikuwa akiniambia, "atamsukumia wapi?"

Kisha akaja mwalimu mkuu mpya.

Sitaki kumsingizia. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye salamu nzuri, na alipiga rangi ukuta wa mbele. Ukuta wa nyuma hakuugusa, kwa kuwa hauonekani barabarani. Jambo la pili alilofanya ni kuanzisha kundi la wazazi kwenye simu na kuagiza kwamba habari zote zipitie humo, zikiwa na picha. Dada alifurahi. Alidhani wazazi wanaochelewa kazini nao watapata habari. Kwa muda aliendelea kuandika ukurasa wake, akaupeleka ofisini, karani akauchapa na kuutuma.

Shule ilikuwa imepewa msaada wa vitabu vya hadithi, vyenye picha za rangi, vizuri kweli. Vilikaa kwenye kabati ofisini. Dada aliviomba mara moja.

"Watavichafua, Mwalimu," mkuu akamjibu.

"Mkuu, kitabu cha mtoto kisipochafuka, kimesomwa na nani?"

Mkuu akacheka, akamwambia atalifikiria.

Alivyolifikiria ni hivi. Kila Alhamisi karani aliingia darasani na boksi, akagawa vitabu, mkuu akaja nyuma yake na simu. "Fungueni! Tazameni chini kama mnasoma! Wewe wa mbele, tabasamu!" Akapiga picha, akasogea, akapiga nyingine. Karani akavikusanya, boksi likarudi kabatini. Watoto walikuwa wakivishikilia. Mmoja alimuuliza dada, "Mwalimu, yule sungura kwenye picha alikuwa anakwenda wapi?" Hata dada mwenyewe hakuwa amepewa nafasi ya kufunua ukurasa wa pili.

Na maneno nayo yakaanza kubadilika. Kwanza lilitoweka neno "bado". Alipoandika kwamba nusu ya darasa bado haijaweza kuunganisha silabi, mzazi mmoja akamwonyesha kwenye simu kwamba habari zilizotumwa zilisema darasa "linaendelea vizuri". Akaenda kuuliza.

"Mwalimu," mkuu akasema kwa ile sauti yake ya asali, "mzazi akisoma 'bado' anahamisha mtoto. Tunawapa moyo."

"Lakini ndio ukweli."

"Ukweli nao una wakati wake."

Baada ya hapo hawakumsumbua hata kumwomba ukurasa. Ofisi ikaandika yenyewe, ikatuma, na chini yake ikaweka jina la dada, "Mwalimu wa Darasa". Dada hakuwa kwenye kundi lile kwa sababu simu yake ilikuwa ya vibonye. Aliendelea kudhani wanatuma picha tu.

Sasa kuna jirani yangu, fundi wa kuchomelea mageti, mwanamume mkubwa mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche. Anamlea binti yake mwenyewe, na binti huyo alikuwa darasa la dada. Asubuhi moja nilimwona anavuka barabara akiwa amemshika mtoto mkono, uso umemkunjamana. Akamkuta dada getini anapokea watoto.

"Mwalimu, nisaidie. Huyu ana nini? Shuleni anasoma, nyumbani hataki."

"Nani kakwambia anasoma, Fundi?"

"Wewe!" Akatoa simu, akamsomea. Nami niliacha cherehani nikasogea. "'Wiki hii wanafunzi wetu wote wamesoma vitabu vya hadithi kwa ufasaha bila kusaidiwa.' Na jina lako hili. Na picha yake hii hapa, kitabu mkononi. Nikampa gazeti anisomee kichwa cha habari tu. Akanyamaza. Nikamwambia soma. Akalia. Nikasema huyu ni ukaidi, ananifanyia makusudi. Nimemchapa, Mwalimu. Jana nimemchapa, na juzi nimemchapa."

Mtoto alikuwa akitazama viatu vyake.

Nilimwona dada yangu akibadilika rangi. Alichuchumaa, akamshika mtoto mabega, akamwambia, "Mimi sikuandika hayo, mama. Wewe hukukosea kitu. Silabi zako zinakuja, na zitakuja. Umenisikia? Nisamehe." Kisha akasimama, akamwambia fundi, "Mtoto wako anajua silabi zinazoanza na herufi sita tu. Anazijua barabara. Kitabu kile alikishika tu mpaka picha ikaisha kupigwa."

Fundi akakaa kwenye ukingo wa mtaro na kujifunika uso kwa mikono yake ile mikubwa.

Dada akaenda ofisini moja kwa moja. Alinisimulia baadaye. Alimweleza mkuu habari yote, mtoto, gazeti, fimbo. Alitegemea ashtuke, kwani hata jiwe lingeshtuka. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Kwani shule ndiyo imemchapa?"

Hapo ndipo dada yangu alipowaka. Si mimi niliyemchochea, ingawa wako wanaosema hivyo. Alikuja kibarazani kwangu saa ya mapumziko, akaniambia, "Mdogo wangu, Ijumaa nitakuhitaji unishikie ubao."

"Ubao upi, Dada?"

"Ule wa zamani wa miguu. Habari za darasa zinarudi getini."

Ijumaa ile aliwauliza watoto kama kawaida yake ya zamani, nao wakamwambia. Kisha tukaubeba ubao, yeye upande huu na mimi upande ule, tukausimika nje ya geti, wazazi walipokuwa wakija kuchukua watoto. Akaandika kwa chaki, herufi kubwa, mbele ya wote:

"Wazazi wapendwa. Wiki hii vitabu vya hadithi vimekuja darasani. Tumepigwa navyo picha. Vimerudi kabatini. Hatujui sungura alikuwa anakwenda wapi. Wengi wetu bado tunaunganisha silabi mbili mbili, na hilo si kosa letu wala aibu. Mliyoyasoma kwenye simu sikuyaandika mimi. Tafadhali msituchape."

Akaweka jina lake. Mara hii aliliweka mwenyewe.

Minong'ono ikaanza. Mama mmoja aliyetoka kazini, mkoba begani, akasema kwa hasira, "Mwalimu, mambo ya ndani hayaanikwi nje. Unatuaibishia shule."

"Ya ndani ya nani, mama?" fundi akamdaka. "Mtoto ni wangu. Fimbo ilikuwa yangu. Nimeaibika mimi, wewe umeaibika nini?"

Mkuu akatoka mbio, kitambaa kibichi mkononi, akaanza kufuta. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Watoto walikuwa wamejaa mbele ya ubao, na kila alichokifuta walikuwa wakikikimbilia kukisoma kabla hakijatoweka. "Vi-ta-bu!" Akafuta. "Pi-cha!" Akafuta. "Ka-ba-ti!" Walikuwa wakifanya mchezo, wanacheka. Binti wa fundi naye akapiga kelele, "Mi-mi!" Bibi yule asiyejua kusoma akauliza, "Sasa hayo mazuri yote baba unayafutia nini?"

Fundi akasema, "Twendeni tukaone hivyo vitabu."

Wakaingia. Si wote, wengine walishika watoto wao wakaondoka, na siwalaumu. Lakini walioingia walijaa ofisi mpaka mlangoni. Mkuu akasema ufunguo uko kwa karani. Karani akasema uko kwa mkuu. Wazazi wakakaa kwenye benchi na sakafuni kama watu wanaongoja daktari. Mwishowe karani, masikini, akavuta droo akautoa.

Kabati likafunguliwa. Boksi la mbele, lile la Alhamisi, lilikuwa zima. Mama yule wa mkoba, ambaye kumbe naye alikuwa amefuata, akavuta boksi la nyuma, na likamvunjikia mkononi. Mchwa! Walikuwa wametoka kwenye ule ukuta wa nyuma ambao haukupigwa rangi, wakapita kwenye kabati, wakala vitabu kutoka nyuma kwenda mbele. Kurasa zilikuwa matundu matupu, udongo umeganda kati ya hadithi na hadithi. Vitabu vilivyofichwa visichafuliwe na mikono ya watoto!

"Basi angalau mchwa wamesoma," bibi akasema.

Hakuna aliyecheka. Mama wa mkoba alikuwa analia kwa hasira. Alikung'uta vumbi kwenye gauni lake, akamgeukia mkuu. "Mimi nimesimama pale nje nikakutetea. Mbele ya watu."

Mkuu akasema suala hilo litashughulikiwa.

Lilishughulikiwa, naam. Wazazi walibeba vitabu vilivyobaki kwa mikono yao mpaka darasa la kwanza, fundi akachomelea rafu ya chuma siku ile ile, na watoto wakaanza kuvisoma, wakavichafua vizuri kabisa. Wiki iliyofuata kundi la simu likapokea picha ya rafu ile, na mkuu amesimama kando yake mkono kiunoni, na maneno, "Shule yetu yazindua kona ya kusomea." Fundi akajibu kwenye kundi, "Vya mchwa mbona havipo pichani?" Akaondolewa kwenye kundi kabla hajamaliza chai yake.

Na dada? Dada aliitwa ofisi ya elimu, akapewa onyo kwa kuivunjia shule heshima. Muhula uliofuata akahamishiwa shule nyingine, mbali, kiasi kwamba inambidi apande gari mbili kwenda na mbili kurudi. Mkuu bado yupo. Huwa ananisalimia akipita, na mimi huitikia kwa sababu tumelelewa, lakini nikiitikia huwa namtazama kwenye tai, siyo usoni.

Nimewasikia wanaosema angeweza kutumia njia za staha. Njia zipi? Alikwenda ofisini, akaongea kwa upole, akarudi tena akaongea kwa upole. Upole wake ndio uliowapa nafasi ya kuchukua jina lake na kulitia kwenye uongo, na uongo ule ukamfikia mtoto kwa fimbo. Walikuwa wakijua mzazi hatabishana na mwalimu wa mwanawe. Ndiyo maana walilihitaji jina hilo.

Fundi alimwomba binti yake msamaha. Alifanya hivyo hapa kibarazani kwangu, bila kujificha, na fimbo akaivunja akaitia kwenye moto wa jiko langu. Shule mpaka leo haijamwambia mtoto yule neno hata moja. Mara moja moja huja jioni na kitabu, anakaa juu ya mfuko wa vitambaa, ananisomea kwa kidole, taratibu, akikwama anarudia mwenyewe. Kumbe sungura alikuwa anakwenda kwa shangazi yake.

Dada akija mwisho wa wiki, mimi huanza upya kumtukana yule mkuu, naye hunisikiliza huku akisahihisha madaftari ya watoto wake wapya. Juzi nilimuuliza kama anajuta. "Yule mtoto si anasoma?" akasema, akafunua daftari jingine. Akaniuliza kama hiyo chai niliyoiweka jikoni nimeiacha ichemke mpaka ikauke.