Gari Jeusi Lililopakwa Uji

Siku ya harusi ya kaka yangu Aqil, damu ilimwagika Changamwe kabla biriani haijaiva.

Kofi la kwanza nililila mimi, kwa hiyo nasimulia kwa mamlaka kamili.

Ilikuwa Julai 1948, nimefunga shule ya bweni. Aqil kanunua gari jeusi, la kwanza katika ukoo wetu. Alasiri alitakiwa Jomvu Kuu kumchukua bibi harusi, Salme, na ndugu za Salme walikwisha kumwambia wazi: "Ukija na gari chafu, rudi nalo tupu."

Fundi Kalama na mimi tukalipaka nta bandani. Nje manyunyu ya kusi yalikuwa yakija na kuondoka.

"Kaskazi, kwenye joto, unapaka kipande unafuta papo hapo," Kalama akanieleza. "Leo hewa ina maji. Tuiache ikauke. Ukiifuta mbichi, unachafua tu."

Nta ikikauka huwa nyeupe. Gari zima likawa kama limemwagiwa uji.

Hapo ndipo Aqil alipoingia. Kanzu ya darizi, joho, marashi ya kutosha msikiti mzima.

Nta ya gari hakuwahi kuiona maishani mwake.

"Nani kalipaka gari langu chokaa?"

"Kaka, si chokaa, subiri..."

Paa! Nikaona nyota mchana.

"Bwana Aqil, mwache mtoto," Kalama akasema. "Hiyo inafutwa."

"Nyamaza! Mashemeji zangu ndio waliokutuma, mwanaharamu wewe!"

Akaokota spana, akamtandika nayo mdomoni. Jino likaruka, likagonga taa ya gari: ting!

Kalama akatema damu. Akalitazama jino. Akavua shati taratibu, akalitundika msumarini.

Wallahi, nilimhurumia kaka yangu.

Ngumi moja tumboni. Moja jichoni. Moja puani, ikalia kama nazi inayopasuliwa. Kisha akamnyanyua kwa ukosi na kiuno, akamlaza kifudifudi juu ya boneti, akamsukuma, akamvuta.

"Futa mwenyewe, basi!" akanguruma. "Futa! Na mlangoni! Na huku!"

Aqil anapiga mayowe, nta inatoka. Kanzu ya pamba laini, hakuna kitambaa kinachoishinda.

Alipoachiliwa, jicho lilikuwa limefumba na pua inachuruzika. Akajiona kwenye mlango uliong'aa kama kioo, akaanza kulia upya.

Jomvu Kuu tulifika kwa wakati. Dereva alikuwa Kalama, na pengo lake, maana bwana harusi kabaki na jicho moja.

Mashemeji wakalizunguka gari, wakatafuta kasoro, wakaikosa.

Salme akachungulia dirishani.

"Gari nimelikubali," akasema. "Lakini huyo majeruhi mnampeleka hospitali gani?"

Alikubali kuolewa, ila sura ya Aqil irudi kwanza. Ilichukua wiki mbili.

Funzo, ndugu msomaji: wakati wa kusi, nta ipewe nafasi ikauke. Na bwana harusi afungiwe ndani mpaka ifutwe.