Marehemu Bila Suti

Mdogo wangu, mtaa mzima unamwita Tanzia. Mama alimpa jina zuri tu, lakini nani analikumbuka? Anafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, mkabala na geti la hospitali. Mtu akifariki, familia inakimbilia kwake: tutengenezee tangazo la msiba, tutengenezee kijitabu cha mazishi, picha mbele, wasifu ndani, ratiba nyuma. Watoto wakimwona njiani wanaulizana, "Huyo anapita, nani kafa?" Zamani alikuwa ananuna. Siku hizi anawajibu, "Bado natafuta. Wewe umeamkaje?" Wanatimua mbio.

Mimi ni dada yake, msusi, na naomba niseme mapema: sina subira. Kidogo niliyozaliwa nayo, huyu mtoto kaimaliza.

Watu wanadhani kazi yake ni kubandika picha na kuandika tarehe mbili. Thubutu! Hakuna anayepiga picha akijua ndiyo itakayotumika. Familia inaleta picha ya harusi ya mtu mwingine kabisa, marehemu kajibanza pembeni, nusu ya sikio imekatwa, mkono wa shemeji uko shingoni, macho kafumba. Tanzia anautoa mkono, anarudisha sikio, anafumbua macho, na mama wa marehemu akiona anasema, "Ndiye." Asiposema hivyo, anaanza upya.

Halafu kuna ugonjwa wa suti. Mwanamume akifa, hata kama maisha yake yote yalikuwa kaptura na kandambili, lazima avalishwe suti kwenye kompyuta. Duka lina suti moja, ya kijivu, tai nyekundu, haina kichwa. Wanaume wote wa mtaa huu waliotangulia wameivaa. Unapita ukutani kwenye matangazo unadhani wote walikuwa mawakili.

Basi mwaka jana akafa kijana fundi baiskeli, gari lilimgonga. Simu yake ikapotea palepale barabarani, na picha zake zote zikaenda nayo. Ikabaki moja, aliyopigwa na mteja: kainama kwenye gurudumu, kageuka kucheka, ovaroli limelowa grisi, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Baba mdogo wa marehemu akaagiza, "Mvalishe suti, na hiyo mikono ikate." Mama yake, anayeuza mitumba kule sokoni, alikuwa kakaa kimya kwenye benchi. Akanyanyua kichwa. "Hakuwahi kuvaa suti. Mkimvalisha, mimi nitakuwa nimemzika nani?" Baba mdogo akafoka, mama hakurudi nyuma. Tanzia akaitengeneza na ovaroli, na mikono, na grisi. Sijui alifanya nini na ule mwanga, lakini ukiitazama unatamani kumwuliza kijana kilichomchekesha.

Sasa huyu Tanzia wangu kumbe alikuwa na ndoto. Anataka kuwa dizaina kwenye kampuni ya matangazo, kampuni ya kweli, yenye lifti. Akajiunga na kozi ya jioni. Mkufunzi wao akawaambia kila mtu atengeneze potifolio, yaani ukurasa wake mtandaoni, mtu akifungua aone kazi zako na ajue wewe ni nani. Wenzake hawakuwa na wateja, wakabuni. Mmoja akatangaza manukato yasiyokuwepo, mwingine viatu visivyokuwepo. Mkufunzi akasifu. Ilipofika zamu ya Tanzia, akafungua ukurasa, na pale juu kabisa, skrini nzima, fundi baiskeli anacheka.

"Ondoa maiti," mkufunzi akasema. "Nani ataajiri makaburi?"

Niliposikia nikamtolea uvivu na mimi. "Mwanangu, sikiliza wakubwa. Tengeneza chupa ya manukato kama wenzako, upate kazi, hao marehemu hawana haraka."

"Dada, nimeenda nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa. Kuna walionifukuza. Waliokubali, walikubali."

"Na nani atakujua?"

"Watanijua kwa nilichofanya. Sijafanya manukato."

Jeuri hiyo kaitoa wapi mimi sijui. Mama yetu alikuwa mpole.

Na kweli akatuma hivyohivyo. Kampuni tano zikanyamaza. Ya sita ikajibu, wanataka kumhoji kwa video. Nyumbani mtandao unasuasua, kwa hiyo tukafanyia saluni kwangu, asubuhi, mlango nimeufunga. Nilimpaka poda, nikamvalisha hereni zangu, nikaizungusha kompyuta ili ile kalenda ya mafuta ya nywele isionekane. Alikuwepo mteja mmoja tu, muuguzi, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama. Nilimwambia akikohoa namnyoa. Draya nikazima. Moyo ulikuwa unanidunda utadhani wananihoji mimi, maana nilikuwa nataka ile kazi imtoe pale getini pa hospitali, atoke kwenye vilio vya watu. Nilikuwa nimeshamwona na kitambulisho shingoni.

Bosi alikuwa mama mmoja nadhifu, sauti ya taratibu. Akasifu maandishi, akasifu nafasi alizoacha, akasifu rangi. Nikamfinya muuguzi kwa furaha.

"Una mkono mzuri sana," bosi akasema. "Tatizo ni hawa marehemu. Wateja wetu wanapitia kurasa za vijana wetu wote. Watakimbia. Waondoe leo, weka kitu kingine chochote, Jumatatu uanze kazi."

"Hata huyu wa mwanzo?"

"Hasa huyo. Ile mikono, jamani!"

Tanzia akarekebisha hereni. Mimi huku nyuma ya kompyuta natikisa kichwa mpaka shingo inalia: kubali, kubali, we mtoto kubali!

"Samahani, mama," akasema. "Siwaondoi."

"Mwenzako niliyemhoji jana ana tangazo la manukato, safi kabisa. Kwa nini usifanye kitu kama hicho?"

"Manukato hayo yanauzwa wapi, mama?"

"Ni ya kubuni."

"Wangu hawakuwa wa kubuni."

Bosi akavuta pumzi. Akasema anampa muda afikirie, atampigia simu kabla ya mchana. Skrini ikazima.

Haki ya nani, damu ilinichemka. Nilisema yote. Nilimwambia ana kichwa kigumu, hana adabu kwa waliomzidi umri, anatupa bahati jalalani kwa ajili ya watu ambao hawatajua hata kama kawatetea. "Wamekufa!" nikapiga kelele. "Huyo fundi wako baiskeli kafa! Anakusikia? Anakushukuru?"

Akaivuta kompyuta, akafungua sehemu inayoonyesha ni mara ngapi kila picha imefunguliwa. Nyingi zilikuwa zimefunguliwa mara mbili tatu, basi. Picha ya fundi baiskeli ilikuwa na mstari mrefu. Kila alfajiri, mara moja. Jumapili, mara moja. Siku ya mvua kubwa iliyofunga soko, mara moja. Simu ileile.

"Ni mama yake," Tanzia akasema. "Nilimwekea mwenyewe kwenye simu, nikamwonyesha pa kubonyeza. Anafungua kabla hajaenda kupanga nguo."

Nikatafuta pa kushikia hasira yangu. "Si umpe picha? Mchapishie kubwa, atundike."

"Anayo ukutani. Nilimuuliza kwa nini bado anafungua huku. Akaniambia, kule ndani namwona mimi tu. Huku yuko mbele ya watu. Kila siku nafungua niangalie kama bado wamemwacha." "Nikimwondoa leo, kesho alfajiri nitamwambia nini, dada? Kwamba mikono yake ilikuwa michafu?"

Muuguzi akaanza kulia, na mimi nilikuwa nimesema nitamnyoa akikohoa tu. Nikashika chanuo, nikaliweka, nikalishika tena. Nilitaka kumgombeza mtu, nikakosa wa kumgombeza pale ndani.

Simu ya Tanzia ikalia. Akaiweka sauti ya juu.

"Nimekufikiria," bosi akasema, na kusema kweli sauti yake ilikuwa ya wema. "Sitaki kukupoteza. Tufanye hivi: usiwafute. Wahamishe tu, ukurasa wa mwisho kabisa, pasipo na kitufe. Watakuwepo, ila hakuna atakayewaona. Kila mtu atafurahi."

Tanzia akafungua mdomo, akaufunga. Kazi ilikuwa pale, mkononi, na lifti yake na kitambulisho chake, na masharti yenyewe yalikuwa yamelainishwa mpaka mtu unaona aibu kukataa. Alikuwa amechoka kukataa peke yake. Mkufunzi alimkataza, kampuni tano zilimnyamazia, na mimi, dada yake wa tumbo moja, nilikuwa nimetoka kumpigia kelele mbele ya mteja.

Nikampokonya simu.

"Mama, habari yako. Hapa unaongea na dada yake. Mkubwa."

"Ah, dada! Afadhali. Nisaidie kumwelewesha."

"Nimeshaeleweshwa mimi. Sikiliza, mama yangu. Yule kijana alikuwa anatengeneza baiskeli, ndiyo maana ana grisi. Mama yake anamtazama kila siku akiwa hapo mbele. Hahami. Haendi ukurasa wa mwisho, haendi wa pili. Mkimtaka mdogo wangu, mchukueni na fundi wake. Hamtaki, ng'o, kaeni na manukato yenu."

Nikasikia watu ofisini kwake, kiti kikisogezwa, mlango.

"Hilo ndilo jibu lake?" bosi akauliza.

Nikamtazama Tanzia. Machozi yalikuwa yameiharibu poda yangu yote, lakini kidevu kilikuwa juu.

"Ndilo jibu letu," nikasema, nikakata.