Mkono wa Kusalimia

Baba alipolazwa hospitalini Kakamega kwa sababu ya nimonia, muuguzi alimfunga kifaa kama saa kwenye mkono wa kulia. Alinieleza kwamba wagonjwa wa Parkinson kama yeye, ule ugonjwa wa kutetemeka, huweza kuchanganyikiwa ghafla wakiwa wodini, na kifaa hicho kingefuatilia mkono unavyosogea ili kiwaonye wauguzi mapema.

Kila saa ya kuona wagonjwa, kililia. Daktari akaanza kuzungumzia kubadilisha dawa. Nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimekaa palepale nikiona kila kitu. Akina mama wa kanisa walikuwa wakija kutoka Malava, na kwetu huingii kwa mgonjwa bila kumshika mkono na kuutikisa kwelikweli. Baba, hata akiwa hoi, hakumnyima mtu mkono.

"Sista, huyu anasalimiwa tu," nilimwambia muuguzi.

Alicheka, akakihamishia mkono wa kushoto. Kikanyamaza.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha na hakuna mgeni aliyefika. Nilimkuta baba ameunyoosha mkono wa kulia hewani, anautikisa polepole kama aliyeshikwa na mtu.

"Mulembe, mama," alisalimia, akitazama dirishani.

Nyanya yangu alikufa kabla sijazaliwa. Nilikimbia kumwita sista, naye akaja akakiangalia kifaa kwanza. Kilikuwa kimya. Hata akili ikiwa imempotea, baba hangeweza kumsalimia mamake kwa mkono wa kushoto.