Maharagwe ya Majivu

Mimi ndiye niliyeipika mbegu ya mama. Nalisema wazi, maana ndugu zangu hupenda kuwalaumu wajenzi, nami nimechoka kunyamaza.

Mama alilima kishamba pembeni mwa Carama, ambako nyumba mpya zinazidi kusogea. Pande tatu alishazungukwa na kuta. Kila msimu bwana mmoja alikuja kumwomba auze, na kila msimu mama alimjibu vilevile: "Mbegu yangu iko mu nyumba. Nikikuuzia, nitaipanda wapi?" Bwana alicheka, akaenda zake.

Mwaka huo mvua ilinyesha siku mbili, watu wakakimbilia kupanda. Mama alikataa, alisema ni mvua ya uongo.

"Mama, unangoja Mungu akuandikie barua?" walimtania majirani.

Kisha jua likakausha kila walichopanda, utani ukaisha. Lakini mama akashikwa na malaria, nami nikatoka kwangu Buyenzi, mjini, kwenda kumwuguza.

Hapakuwa na chakula. Chini ya kitanda nikakuta chungu cha maharagwe yaliyojaa majivu. Mimi, mtoto wa mkulima niliyezoea maduka, nikayaona machafu. Nikayaosha yote maji matatu, nikayapika kwa mawese mpaka yakalainika, nikajisifu.

Mama alikula vijiko viwili.

"Maharagwe hii umetoa wapi?"

"Mu chungu, mama. Ilikuwa na majivu mingi, nikaosha muzuri."

Akaweka kijiko chini. Majivu huzuia wadudu wasitoboe mbegu. Nilifundishwa hilo nikiwa mdogo, nikalisahau. Mbegu ile aliachiwa na mama yake, na mara ngapi tulilala njaa bila yeye kuigusa! Majuto ni mjukuu.

"Kula, mutoto wangu," akasema. "Isitupwe."

Tukala, nami nikilia.

Mvua ya kweli ilikuja wiki ileile. Nilimnunulia mbegu sokoni. Aliitazama kiganjani, akanirudishia.

"Hii haijui udongo yangu."

Yule bwana alipobisha hodi, nilingoja jibu nililolizoea. Mama alitazama chini ya kitanda, kisha akamwambia aingie, akae.

Sasa pale pana nyumba ya bati jekundu. Mama naishi naye Buyenzi, na hajawahi kunilaumu. Chungu chake kiko jikoni kwangu na majivu yamo bado. Siwezi kukiosha.