Shemeji na Mifupa ya Ningu

Kwetu Karungu, mtu akikuja kutaka msichana, anawekewa samaki mzima, kichwa mpaka mkia, halafu dani, yaani nyanya yetu, anakaa hapo kuangalia vile anakula. Ukiacha nyama kwa mifupa, wewe ni mvivu. Ukiogopa kichwa, pole, rudi kwenu.

Sasa dada yangu, kati ya wanaume wote wa dunia, akaenda kupenda kijana wa Kehancha. Watu wa ng'ombe! Huyo jamaa samaki alikuwa anajua tu omena, vile vidagaa vya ziwa, na omena haina masomo, unatafuna yote mpaka macho.

Dada akanivuta nyuma ya nyumba. "Wewe si hujifanya mjuaji? Mfundishe. Dani akimkataa, utanitambua."

"Na nikimfundisha utanipa nini?"

"Sitakupiga."

Nikakubali. Mimi shule iliishia darasa la nane, lakini kwa samaki niite profesa. Tukakutana Migori mjini, nikaagiza ngege, ile tilapia yetu, ya kukaanga.

"Angalia, shem. Huu mfupa wa mgongo ndio barabara kubwa. Mbavu zinatoka hapo, zimepangwa kama meno ya kitana. Hii miiba ya juu unang'oa mara moja, inatoka yote. Anzia tumboni, ni laini. Na hapa kwa shavu kuna kanyama katamu sana."

Hicho kipande cha shavu nilikula mimi, kumwonyesha tu.

Jamaa akashika haraka. Akamaliza ngege ikabaki kama picha ya eksirei. "Shem, hii ni rahisi kuliko kuchinja mbuzi," akasema, kifua mbele.

Kitu sikufikiria ni mvua. Hiyo wiki ilinyesha huko juu, Mto Kuja ukashuka na udongo wote. Pale mto unaingia ziwani, maji ya kahawia yanasukumana na maji ya ziwa, na samaki anaitwa ningu anapenda hapo kabisa. Kwa ziwa anatulia zake, lakini akionja tu matope ya mto, anaacha kila kitu, anakuja kujipanga kando ya mafunjo ndio apande juu kutaga mayai. Na dani akisikia ningu amefika, usimwambie habari ya samaki ingine.

Ningu si ngege. Ni mrefu, mdomo uko chini, midomo minene kama mtu anabusu jiwe, kwa sababu kazi yake ni kulamba mawe na matope. Utamu wake, wacha tu. Lakini mifupa! Mbali na mbavu, kuna vifupa vingine vidogo vya panda kama manati, vimetawanyika ndani ya nyama, havijashikana na kitu.

Siku ikafika. Mama alibaki jikoni, kwa sababu kwetu mama mkwe hali na mkwe. Lakini dani alikaa usoni kwake kabisa, nyanya anaruhusiwa utani.

"Karibu, bwana yangu mpya. Ama unangoja ng'ombe ikushike mkono?"

Shemeji akafunua bakuli. Akaangalia ningu. Akaniangalia. Mimi nikaangalia mabati.

Akaanza vile nilimfundisha, tumboni. Mfupa wa mgongo ukatoka vizuri, akatabasamu, akatia pande kubwa mdomoni. Tabasamu ikakatika hapo hapo. Akakohoa, macho yakajaa machozi. Dada alikuwa mlangoni, mkono kwa mdomo.

"Donge la ugali! Meza, usitafune!" nikapiga kelele.

Akameza moja, akameza la pili. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta njia ya kutorokea.

Jamaa akapangusa machozi, akashika kichwa cha ningu. "Dani, huyu samaki amenipiga," akasema. "Lakini ni mtamu. Na mimi nitampiga."

Dani alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Akavuta sahani ya shemeji, akaanza kutoa mifupa na vidole vyake, moja moja, anaweka nyama safi kando ya ugali. Kwetu mgeni hatolewi mifupa. Anayetolewa ni mtoto wa nyumba.

"Kula, bwana yangu. Na uambie baba yako, zile ng'ombe ataleta zisikuwe na mifupa kama hii."

Dada akapiga vigelegele huko mlangoni, mpaka mama akamwambia anyamaze, watu wa ufuoni watadhani mbuta, yule samaki mkubwa kuliko wote, imeingia kwa nyumba.