Mstari Ulio Karibu na Jiko

Ruguru wa Karurumo, mama yangu mdogo ambaye sote tunamwita Tata, alijiunga na darasa la ngumbaru, la watu wazima wasiojua kusoma, akiwa tayari na wajukuu, na sababu ilikuwa mahindi. Msimu uliotangulia aliuziwa mbegu zilizoozea ardhini. Alipolalamika, mwenye duka alimwambia kwamba pakiti ilikuwa na maandishi. Kosa ni la asiyesoma. Basi akasoma. Machi hii alinipokea mlangoni na pakiti ya duka jingine, ameishika mbali na mwili wake.

"Imeandikwa zimethibitishwa," alisema. "Sasa naweza kujisomea uongo mwenyewe."

Nilikwaruza stika ya uhakiki kwenye pakiti, nikatuma kwa simu namba iliyokuwa chini yake. Jibu likaja: mbegu ni halali.

"Nani amejibu?"

"Ni mashine, Tata."

"Na hiyo mashine imeona hii pakiti?"

Nilisomea falsafa chuo kikuu, na swali hilo niliwahi kuliandikia insha ndefu. Sikumbuki kama nililijibu.

"Hata wewe," akasema, akiutazama upara wangu, "umesoma mpaka nywele zikahama, na bado unaniambia kile umeambiwa."

Mvua ilikuwa karibu, naye hakuwa na mbegu nyingine. Hizi zikikataa, nyumba yake ingekula mahindi ya kununua hadi msimu mwingine. Akapanda. Lakini kila asubuhi alifukua mbegu za mstari ulio karibu na jiko, akazigeuza kiganjani, akazifukia tena. Nilimwonya kwamba mzizi mchanga hukatika.

"Mtu akikukataza kuangalia," alinijibu, "mara nyingi kuna kitu anaficha."

Sikumwonya tena. Nilirudi kwangu Embu nikijishuku: hakika yangu ilitoka wapi, mimi ambaye sijapanda kitu tangu shule ya upili?

Nilipomtembelea tena, shamba lote lilikuwa kijani isipokuwa mstari ule. Ulikuwa mtupu.

"Huu," alisema, "ndio niliokuwa na hakika nao. Nilikuwa naziona zikiota."

"Na ile mingine?"

"Sikuiangalia."

Akainama, akaushika mche wa mstari wa pili kwa vidole viwili, kana kwamba angeuvuta auone mzizi. Akauachilia polepole, akajifuta mkono kwenye leso.

"Mahindi hayajabeba bado," akasema. "Usiende kumsifu huyu mwenye duka wa pili."