Bastola ya Mfuko wa Koti

Vijana wawili walitutolea bastola ndani ya lifti, saa tisa alasiri, mke wangu akiwa ameshika mfuko wa sukumawiki na mimi nimebeba unga wa mahindi. Tunaishi mtaa wa Rexdale, huku ughaibuni, ghorofa ya kumi na moja, na tulikuwa ndiyo kwanza tumeshuka basi la barabara ya Kipling. Walichukua mkoba wake na simu yangu. Kilichoniudhi si simu. Yule aliyeshika bastola, alipokuwa anatoka, aliniomba radhi. Alisema samahani kwa adabu kabisa, kama mtu aliyekukanyaga mguu kwenye foleni. Nilikuwa na miaka sabini na mbili, nimelea watoto wanne, na mtoto wa mtu ananitolea silaha kisha ananiomba radhi! Angenitukana isingeniuma hivyo.

Polisi walikuja, nao wana adabu vilevile. Waliandika, wakatupa namba ya faili, wakatuuliza kama tungependa kuzungumza na mshauri kuhusu mshtuko tulioupata. Niliwaambia nataka mkoba wa mke wangu, sitaki mshauri. Mkoba haukurudi.

Wiki ile ile nikaanza kuchagua bastola.

Sikuwa mgeni wa kitu hicho. Arusha nilikuwa na duka la vipuri vya magari, na kwa miaka tisa nilimiliki bastola kwa kibali halali. Ilikuwa ndogo, risasi zake nyembamba kama penseli, na ilikaa mfukoni mwa koti bila mtu kuigundua. Ile ya kwenye lifti ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Niliitambua kwa ufupi wa mtutu. Kwa hiyo nilijiona mtaalamu. Nilichukua daftari la mistari, nikakaa na miwani yangu mbele ya kompyuta, nikatazama video za wazee wa Marekani wanaoeleza bastola kama wanavyoeleza mashine za kukatia nyasi.

Bastola kubwa nilizifuta mapema. Vidole vyangu vina baridi yabisi, na kuivuta nyuma ile sehemu ya juu ili risasi ipande kunataka nguvu ambazo sina. Ndogo hairuki sana mkononi na inaingia mfukoni, ila risasi yake ni dhaifu. Hapo ndipo nilipojaza kurasa. Kuna risasi zenye tundu kwenye ncha, ambazo zimetengenezwa ili zipanuke zikishaingia mwilini. Lakini zikitoka kwenye mtutu mfupi, zikakutana na koti la baridi la nchi hii na sweta mbili chini yake, tundu linajaa pamba na risasi haipanuki. Zenye ncha ya mviringo zinapenya vizuri, ila huweza kutokea upande wa pili zikampata asiyehusika. Niliandika hayo yote kwa mwandiko mzuri, kwa kalamu mbili, nyekundu na bluu. Neno "asiyehusika" nililipigia mstari, nikageuza ukurasa. Leo najiuliza nilikuwa mtu wa namna gani.

Nilitaka kujua uzito pia. Nikatia kopo la samaki mfukoni mwa koti, nikatembea sebuleni nione kama koti linalalia upande mmoja.

"Umebeba nini?" mke wangu akauliza.

"Samaki."

"Unampeleka kutembea?"

Sikucheka. Nikaongeza kopo la pili.

Jumapili, baada ya ibada, tulikunywa chai kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kama kawaida, nami nikawaeleza wanaume wenzangu mpango wangu. Wengi wao ni Wakongo, na mmoja ni jirani yetu, fundi wa zamani wa redio ambaye sasa anapakia mizigo kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege. Ananiita papa ingawa tunapishana miaka michache tu.

"Papa," akasema, "miye nilikimbia bunduki toka Uvira mpaka kambi ya Nyarugusu, toka Nyarugusu mpaka hapa. Weye unapanda basi unaenda kuitafuta?"

Wote wakacheka.

"Tena ile lifti ni ndogo sawa kabati," akaendelea. "Utamupiga mwizi, utamupiga na mama, halafu weye mwenyewe utabakia na unga yako."

Nilikasirika mpaka kikombe kikagonga sahani. Nikamwambia anaongea kama mtu ambaye hajawahi kuibiwa. Akanitazama, si kwa hasira, akasema polepole, "Papa, miye waliniiba kijiji." Sikumwomba radhi siku ile. Nilimwomba miezi mitatu baadaye, nikiwa nimechelewa kama ilivyo kawaida yangu.

Siku ya pili yake nikachukua mabasi mawili, kisha nikatembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, hadi kwenye duka linalouza nyavu, nguo za kuwindia na bunduki. Muuzaji alikuwa mzee wa rika langu, ndevu nyeupe, mpole. Nikafungua daftari kaunta, nikamtafsiria chaguo langu la kwanza, la pili na la tatu, pamoja na risasi za kila moja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bwana," akasema, "hizi zimepigwa marufuku."

"Ipi?"

"Zote tatu."

Akanieleza kwamba bastola za mtutu mfupi namna ile, na za vipenyo vile vidogo nilivyovipenda, zilizuiwa zamani, kabla hata sijafika nchi hii. Zile kubwa zaidi nazo haziuzwi tena kwa mtu wa kawaida. Na hata hao waliokuwa nazo tangu mwanzo hawatembei nazo mfukoni: zinatoka ndani ya sanduku lenye kufuli kwenda uwanja wa shabaha, na kurudi ndani ya sanduku.

"Sasa mtu akinitolea bastola kwenye lifti, nifanye nini?"

"Mpe simu."

"Nilimpa."

"Basi ulifanya vizuri."

Nilifanya vizuri! Maneno hayo yalinichoma njia nzima. Mvulana asiyejua hata kufunga kamba za viatu anatembea na bastola ambayo sheria inasema haipo. Mimi, niliyevaa suti na tai kwenda kuapa kiapo cha uraia, nasifiwa kwa kunyang'anywa mbele ya mke wangu. Sheria imeondoa bastola kwa wale tu wanaokwenda dukani kuuliza. Nasema hivyo hadi leo, na sijasikia mtu akinijibu nikaridhika.

Lakini muuzaji alikuwa amenidokeza jambo jingine. Bunduki ya kuwindia, ndefu, inaruhusiwa ukipata leseni. Kuna mafunzo, kuna mtihani, kuna fomu. Haiwezi kubebwa mitaani, na si ya kulindia nyumba. Alirudia hilo mara mbili. Mimi nilisikia neno "inaruhusiwa" tu. Nikajiambia, kama mfuko umeshindikana, basi nyuma ya mlango patatosha.

Fomu ile ilikuwa tusi jipya. Inakuuliza kama umewahi kuugua huzuni, kama umeachika, kama umefukuzwa kazi, kama umewahi kutishia mtu. Unaandika majina ya watu wanaokujua. Kisha kuna sehemu ya mke. Mke aweke saini kwamba anajua mume wake anaomba leseni. Asipoweka, maofisa watamjulisha wao wenyewe, na akiwa na wasiwasi, anao mtu wa kumpigia. Kwetu niliomba kibali kwa mkuu wa polisi wa wilaya, mwanamume kwa mwanamume, na mke wangu aliiona bastola siku nilipoiweka juu ya meza ya chakula. Nilikunja fomu, nikaikunjua, nikampelekea jikoni.

"Weka saini hapa."

"Inasema nini?"

"Kwamba unajua."

"Najua nini?"

"Kwamba naomba leseni ya bunduki. Basi."

Alikuwa anakatakata sukumawiki. Hakuweka kisu chini. "Mimi najua zaidi ya hapo," akasema.

"Usianze."

"Saini yangu nilishakupa mara moja, pale kituo cha polisi Arusha. Ya pili hupati. Na ukiingiza bunduki humu, siku hiyo hiyo nahamia Downsview kwa binti yako, wala sirudi."

Nilimpigia kelele. Nilisema kila kitu: lifti, mkoba, samahani ya yule kijana, muuzaji na sifa zake. Nilisema nataka kumlinda yeye, ni nani mwingine? Alinisikiliza akiwa amenipa mgongo, akakausha mikono, akampigia binti yetu simu kumuuliza kama chumba cha wageni kina kitanda. Aliuliza nikiwa nimesimama pale pale.

Sasa inabidi niseme alichokuwa anakijua.

Mwaka wa mwisho wa bastola yangu, duka la jirani Arusha lilivamiwa. Siku tatu baadaye, saa moja jioni, umeme umekatika, nilikuwa nimekaa sebuleni na koti langu mapajani. Mke wangu alikuwa jikoni anapuliza mkaa. Mlango wa uani ukatikisika. Sauti ya mwanamume ikasema, "Hodi." Nikakaa kimya. Ikasema tena, "Hodi wenyewe." Majambazi wa siku zile nao walikuwa wanabisha hodi, kila mtu alijua. Nikafyatua mara moja, katikati ya mlango.

Alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ametoka Moshi na mkungu wa ndizi begani. Risasi ilivunja goti. Madaktari walisema ana bahati, ni risasi ndogo.

Kabla polisi hawajafika nilimshika mke wangu mkono, nikamwambia aseme hakuna aliyebisha hodi. Ukimpiga mtu aliyebisha hodi, una kesi. Aliyeingia kimyakimya uani kwa mtu amejitakia. Akasema nilivyomfundisha, akatia saini kituoni. Mdogo wake alipoamka hospitali alimuuliza, "Dada, hukunisikia?" Naye akamjibu, "Sikukusikia." Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda.

Kibali walinifutia hata hivyo, lakini kesi sikupata. Ndugu waliamini. Zaidi ya miaka ishirini, kila harusi, kila msiba, watu walimtania shemeji: "Bisha hodi bwana, usije ukatobolewa goti la pili!" Naye alicheka pamoja nao, na fimbo yake mkononi. Nami nilicheka. Mke wangu alikuwa anatoka nje.

Sijui ni wakati gani hasa hasira yangu iligeuka. Najua mke wangu alitoa sanduku kabatini, akaliweka wazi juu ya kitanda, akaanza kukunja nguo zake za kanisani, moja moja, bila haraka. Siku mbili nilizunguka sanduku lile nikinung'unika kuhusu serikali. Siku ya tatu nilikuwa nanung'unika hivyo hivyo nikajisikia nikisema kwa sauti, "Mtu mwenye silaha anaharibu maisha ya watu kisha anaondoka zake." Mke wangu akainua kichwa kutoka kwenye nguo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na bado nilikuwa na hasira; vitu viwili hivyo vinakaa pamoja vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Nikampigia shemeji palepale, huko Moshi, simu ikiwa juu ya kitanda na sauti imefunguliwa ili mke wangu asikie.

"Shemeji! Kuna msiba?"

"Hakuna. Nataka kusema jambo la ule mlango. Ulibisha hodi."

Nilisikia kuku upande wake.

"Mara mbili," akasema.

"Nilisikia zote mbili."

"Si nilikuwepo, shemeji? Ulifikiri mimi nimesahau?" Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Nilichokuwa nataka kujua ni kimoja tu. Dada alinisikia?"

Mke wangu alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa alichokuwa anakikunja. Ningeweza kumwokoa kwa uongo mwingine, na uongo huo ulinijia upesi, tayari umepangika.

"Alikusikia," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia akane. Nilimshika mkono mpaka akakubali."

"Yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu, wewe toka."

Nilitoka. Nilikaa sebuleni nikisikia sauti yake kupitia ukuta, kilio kwanza, kisha maneno, kisha kilio, kisha maneno marefu ya Kichaga ambayo baada ya miaka arobaini na sita ya ndoa bado siyashiki yote. Nilitaka sana kujua wanasema nini juu yangu. Haikuwa haki yangu kujua.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alinirudishia simu bila kunitazama.

"Amekusamehe?" nikauliza.

"Hajasema. Usimuulize." Akafungua jokofu, akasimama pale. "Anataka niende nikakae naye mwezi mzima. Peke yangu."

"Na ukitoka huko?"

Alifunga jokofu bila kutoa kitu.

"Nikitoka huko nitarudi hapa," akasema, "nikute nyumba kama nilivyoiacha."

Aliondoka mwezi wa sita. Mimi nimebaki, napanda lifti ile ile kila siku, na kila mlango unapofunguka damu inanipanda kwa ajili ya yule kijana na samahani yake. Nyuma ya mlango wetu kuna ufagio na viatu vya theluji.